Helmeti ya Sebuleni

Mlimani, Mzee Kengele hakuwahi kuanguka hata siku moja. Yeye alikuwa anaangukia nyumbani. Aliteleza bafuni kwa kipande cha sabuni kisichofika ukubwa wa kidole, akavunjika mtulinga. Alianguka kitandani akiwa katika usingizi wake wa haki, akaamka jino limelegea. Alianguka jikoni akikimbilia maziwa yaliyokuwa yanafurika, na maziwa yakafurika vilevile. Mkewe, ambaye ni mtu mkweli na hana tabia ya kutia chumvi, aliapa kwamba siku moja alimwona anaanguka kutoka kwenye kochi. Hakuwa ananyanyuka wala hakuwa anajigeuza. Alikuwa amekaa tu, anasikiliza redio.

Na mtu huyuhuyu kazi yake ilikuwa kuwateremsha wenzake mlima kwa baiskeli. Nje kidogo ya mji kulikuwa na mlima wa mawe na mizizi, na chini yake kibanda cha mabati chenye baiskeli za matairi mapana, helmeti zilizoning'inia kwa safu, kinga za magoti na viwiko, glavu, na harufu ya mpira na grisi. Watu walikwenda huko siku za mapumziko kutafuta kihoro cha kujitakia, na Mzee Kengele ndiye aliyewaongoza. Alikagua kila kitu. Alibonyeza matairi kwa dole gumba, akaminya breki, akazungusha pedali kinyumenyume huku ametega sikio kwenye mnyororo. Helmeti alizikaza mwenyewe, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na kidevu cha mteja. Vikiingia vitatu, mkanda umelegea. Kikiingia kimoja, unamnyonga mtu. Wakubwa kwa wadogo waliinuliwa videvu na vidole vile, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Jina lake lilitokana na kengele. Mlima ulikuwa na kona nyingi zisizoonyesha mbele, na sheria ya Mzee ilikuwa moja: anatangulia anayeijua njia. Alipita kona peke yake, akasimama upande wa pili, akatazama huku na huku, ndipo akapiga kengele ya baiskeli yake. Ikilia mara moja, njoo. Ikilia mfululizo, simama hapohapo hata kama nzi amekuingia puani. Kwa sheria hiyo hakuna mteja aliyepata zaidi ya mchubuko, na Mzee mwenyewe hakupata hata huo. Alirudi nyumbani mzima, akavua helmeti, akavua kinga, akaingia ndani, akaanguka.

Ilikuwa wakati ule wa mtulinga, mkono umefungwa shingoni, ndipo akakaa akafikiri. Mtu mwingine angesema, basi nitakuwa mwangalifu, nitaweka na mkeka bafuni. Mzee Kengele hakuwa mtu mwingine. Yeye aliona hivi: mlimani navaa helmeti, siumii; nyumbani navua, naumia. Sasa kosa liko wapi? Kosa ni kuvua. Tangu siku hiyo hakuvua tena. Alikula na helmeti, akapiga mswaki na helmeti, akalala na kinga za viwiko, na mkewe akajifunza kulala ameelekea ukutani. Kwenye kona ya korido alifunga kengele ya baiskeli, na kila aliyetoka jikoni na sufuria ya moto alitakiwa kuipiga kwanza. Mkewe aliipiga. Angefanyaje? Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Na nyinyi mnaocheka, chekeni polepole, maana ni kweli aliacha kuumia. Kuanguka alianguka kama kawaida, tena kwa kishindo zaidi, lakini aliinuka, akajipangusa, akaendelea na habari aliyokuwa anaisimulia. Jirani mmoja alijitia hekima akamwambia ajali haina kinga. Mzee alimkokota hadi kwenye kibanda cha mabati, akamwonyesha kinga za kila saizi, akamuuliza, hizi ni nini basi, viazi? Hawakusalimiana kwa muda mrefu.

Walikuwa na binti mmoja. Huyu alifanya kazi mapokezi katika ofisi za jengo refu, na siku moja lifti ikakwama naye katikati ya ghorofa mbili. Akaja fundi wa lifti, kijana mtulivu mwenye bisibisi nyuma ya sikio badala ya kalamu. Alitanua mlango, akachungulia, akamwambia kwa upole: tanguliza mguu wa kushoto, shika hapa, usitazame chini, mimi nipo. Wasichana wengine hupewa mashairi. Huyu alipewa maelekezo ya usalama, na kwa namna alivyolelewa, hakuwahi kusikia maneno matamu kuliko hayo. Alipotoka mle ndani alikuwa ameshapenda.

Mzee Kengele naye alipoletewa kijana alimpenda papo hapo. Walizungumza habari za nyaya na breki za dharura mpaka chai ikapoa. Kijana hakuuliza lolote kuhusu helmeti. Alisema tu kwamba mkanda wake umekaa vizuri. Mambo yalikuwa yamekwisha, bado kupanga siku tu, mpaka pale Mzee alipouliza watakaa wapi.

Fundi akasema watakaa kwa mama yake, ghorofa ya tatu. Mzee akasema vyema, na lifti ya jengo hilo ni ya aina gani? Fundi akatazama viatu vyake. Jengo halikuwa na lifti. Yaani mtu anayeupandisha na kuuteremsha mji mzima, jioni alipanda kwake kwa miguu. Mganga hajigangi.

"Ngazi," alisema Mzee Kengele, akaweka kikombe chini.

Akaeleza kwamba baiskeli ina breki mbili, miguu haina hata moja. Akaeleza kwamba mlima una mawe, na jiwe unaliona, lakini ngazi ni hatari iliyopigwa rangi ikaitwa sehemu ya nyumba. Hawezi kumwoza binti yake kwenye njia ambayo yeye mwenyewe hajaikagua. Akiikagua na isipomridhisha, posa hakuna. Binti alilia, na kwa hasira akawa anapita ile korido bila kupiga kengele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Usiku ule alimwambia mama yake kinagaubaga kwamba ataolewa na fundi huyo au hataolewa na mtu yeyote, na kwamba amechoka kuwa mtoto wa helmeti.

Kumbe na upande wa pili moto ulikuwa unawaka. Mama wa fundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwanamke ambaye mpaka leo wazee wenye mvi wakimwona dirishani huchomekea mashati. Habari za helmeti zilimfikia. Akamwambia mwanawe kwamba hamwozi kwenye nyumba ya vichaa bila kuwaona kwa macho yake. Waje. Yeye mwenyewe hatashuka, maana mguu unamsumbua. Mguu huo ulikuwa unamsumbua siku nyingi. Madaktari waliletwa juu, wakaukunja, wakaukunjua, wakasema hawaoni kitu, wakashuka. Mahitaji yake aliyapata kwa kikapu na kamba kupitia dirishani.

Basi Jumapili moja wakaenda. Mama wa binti alivaa gauni lake la heshima na viatu vinavyobana. Binti alivaa wasiwasi. Mzee Kengele alivaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama mstari, na juu ya mstari kinga za magoti. Shati jeupe, na juu ya shati kinga za viwiko. Kichwani helmeti aliyoing'arisha kwa mafuta. Mgongoni mfuko wa huduma ya kwanza. Begani, baiskeli. Mkewe alimuuliza baiskeli ya nini, akajibiwa kwamba kila kitu kina mahali pake. Ndoa ndefu humfundisha mtu maswali gani ayaache njiani.

Mbele ya jengo waliona kikapu kikishushwa kutoka juu, na mwenye duka akitia humo mkate na dawa ya meno. Mzee Kengele alisimama akaikagua kamba, akalivuta fundo, akaridhika. Alisema aliyefunga fundo hili ni mtu makini, mtu wa kufanana naye. Kisha akaingia ndani, akazitazama ngazi kwa jicho la kazi. Zilikuwa za saruji, kingo zimelika, zinapanda kwa kuzunguka uwazi wa katikati, kwa hiyo ukisimama chini ungeweza kuona hadi juu kabisa. Sehemu moja reli ilikuwa inacheza. Akatangulia yeye na baiskeli yake, na kila ngazi zilipokata kona alisimama, akapiga kengele mara moja, ndipo mkewe na binti yake wakafuata. Wapangaji walifungua milango wakidhani ni muuza aiskrimu.

Mwalimu Mkuu aliwapokea ameketi wima kando ya dirisha, mguu juu ya kigoda. Salamu zilikwenda vizuri. Soda zikaletwa. Mzee Kengele akamkabidhi zawadi aliyomletea, imefungwa kwa karatasi ya maua: helmeti mpya, ya rangi ya zambarau, saizi ya kati. Mwalimu Mkuu aliitazama, akaishika kwa ncha za vidole, akaiweka mezani mbali na vikombe, akasema asante kwa namna ile waliyokuwa wanaambiwa watoto walioshindwa mtihani. Binti alitamani sakafu ipasuke. Fundi alimshika mkono chini ya kitambaa cha meza, na mama wa binti akasifu mapazia.

Mwalimu Mkuu akauliza, kwa adabu, baiskeli iliyoegemezwa kwenye kabati lake la vyombo ina kazi gani. Mzee Kengele naye akajibu kwa adabu kwamba ni ya kushukia. Amezipima ngazi. Upana unatosha, kona ni kali lakini hajashindwa na kona, na hizi springi za mbele zimeshapita pabaya zaidi. Kwa miguu yeye hashuki. Kupanda alipanda kwa sababu anayepanda anatazama juu. Anayeshuka anatazama chini, na huko chini ndiko kuliko na ajali.

Mwalimu Mkuu alikunja mikono kifuani.

"Mzee mwenzangu," alisema, "katika ngazi hizi wanapita watu. Baiskeli yako ikishuka hapa, na posa imeshuka nayo."

Wakati huohuo Mzee Kengele hakuwa na njia nyingine ya kurudi kwake. Alijaribu, tusimnyime haki yake. Alikwenda mlangoni, akasimama juu ya ngazi ya kwanza, akanyoosha mguu, akaurudisha. Akanyoosha mwingine, akaurudisha. Akarudi kuketi. Wakala chakula cha mchana. Akajaribu tena, akarudi, wakanywa chai. Mkewe alitazama saa, akavitazama viatu vyake vinavyombana, akasimama akaaga.

"Aliye juu mngoje chini," alisema, akashuka zake, akakaa kwenye benchi la duka na soda baridi, akavua viatu.

Fundi, kijana wa watu, alitaka kusaidia. Alisema angeweza kumteremsha Baba kwa kamba kupitia dirishani. Anazo kamba za kazini zinazobeba lifti yenye watu ndani. Mzee Kengele alilichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili, akauliza habari za kapi na kulabu, wakapima dirisha, wakapima na mabega. Mwalimu Mkuu alisema dirisha lake ni la kikapu. Fundi akasema kwa unyonge kwamba angeweza kulifungia jengo lifti, lakini si kwa leo. Wakakaa tena. Mwalimu Mkuu akaanza kuangalia saa ya ukutani waziwazi, na alipomtazama binti, macho yake yalikuwa yameshafunga hesabu. Mzee aliyepandishwa asiweze kushushwa, mkwe wa aina gani huyo?

Binti aliyaona macho yale. Aliona harusi yake inafia sebuleni, kati ya mkate na baiskeli. Aliona hasira, na ndani ya hasira akaona huruma, maana baba yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, helmeti imemkaa sawasawa, anatazama magoti yake kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Hakuwa kichaa. Alikuwa anaogopa. Siku zote alikuwa anaogopa, na mlimani ndipo mahali pekee alipojua la kufanya na woga wake.

Akainuka. Akachukua spana ndogo kwenye mfuko wa baba yake, akaenda kwenye kabati la vyombo, akaifungua kengele kutoka kwenye usukani wa baiskeli. Mzee Kengele aliruka kama amekatwa kidole.

"Baba," alisema binti, "mlimani anatangulia nani?"

"Anayeijua njia."

"Ngazi hizi nitaishi nazo mimi. Kwa hiyo natangulia mimi. Ikilia mara moja, njoo."

Ilikuwa sheria yake mwenyewe, hakuwa na pa kuikamatia. Akaenda naye mpaka mlangoni. Hapo akasita, akasema hakuna anayetangulia bila helmeti, na kabla mtu hajamzuia akafungua mkanda, akaivua yake, akamvika binti yake. Akamwinua kidevu. Akaingiza vidole viwili. Vikatosha.

Binti akashuka hadi kona ya kwanza, akasimama, akatazama huku na huku kama alivyofundishwa, akapiga kengele mara moja.

Mzee Kengele akashuka. Sitawadanganya kwamba alishuka vizuri. Alishuka ubavuubavu, mikono yote miwili kwenye reli, kila ngazi akiikanyaga kwa miguu yote kabla ya kuhamia nyingine. Wapangaji walifungua tena milango, na safari hii hakuna aliyeuliza aiskrimu. Kengele ikalia kona ya pili. Pale reli inapocheza mguu ulimponyoka, akayumba, na jengo zima likavuta pumzi. Lakini kujikwaa si kuanguka. Alishika ukuta, akasimama, akasubiri moyo urudi mahali pake, na kengele ilipolia tena akaendelea.

Chini, mkewe alikuwa ameingia pekupeku kutoka kwenye benchi. Alipomwona anatokea kwenye kona ya mwisho, kichwa wazi, alishika mdomo. Miaka ilikuwa imepita hajakiona kichwa kile kikiwa wazi. Hakujua kwamba kimeota mvi kiasi kile. Mzee Kengele alikanyaga sakafu, akaipapasa kwa kiatu kuhakikisha ndiyo yenyewe, akasimama katikati ya mke na binti. Mkewe alimpangusa jasho kwa pindo la gauni la heshima.

Ndipo wakasikia kigoda kinaburutwa huko juu. Wote wakainua macho kwenye ule uwazi wa katikati. Ghorofa ya tatu, mikono miwili imeshika reli kwa nguvu, alikuwa amesimama Mwalimu Mkuu na helmeti ya zambarau kichwani, imekaa upande. Nyuma yake fundi wa lifti alikuwa amebeba kigoda, mdomo wazi, hajui akiweke wapi.

Mwalimu Mkuu alikuwa na la kukiri. Alikuwa mtu wa kusahihisha wengine, na jambo hili halikumjia kwa wepesi.

"Mguu hauna kitu," alisema hatimaye, na sauti yake ikashuka ghorofa zote. "Niliteleza hapo kwenye reli, nimebeba nyanya za sokoni, nikainuka mzima. Tangu siku hiyo sijashuka."

Mwanawe alikiweka kigoda chini. Daktari baada ya daktari, kikapu baada ya kikapu, na alikuwa hajawahi kufikiri kumuuliza mama yake kama anaogopa. Chini, Mzee Kengele hakushangaa hata kidogo. Aliyefunga fundo lile alikuwa amemtambua tangu asubuhi. Alikusanya mikono mdomoni, akampigia kelele fundi akague mkanda wa mama yake, vidole viwili, si vitatu. Fundi akamwinua mama yake kidevu. Mwalimu Mkuu, aliyewainua videvu watoto wa mji mzima, alisimama akasubiri kukazwa.

Kisha akamtafuta binti kwa macho, kule chini kabisa, akamwona na helmeti yake kubwa na kengele mkononi.

"Mkwe wangu," alisema, "mara moja ndiyo njoo?"

Binti alimgeukia baba yake. Mzee Kengele, kichwa wazi, alirudi nyuma hatua moja kumpisha. Binti akapanda mpaka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasimama chini ya miguu ya yule mama, akatazama huku na huku, akapiga.